Kelele za Kiberiti

Duka la vipuri lilijaa mafundi mpaka mlangoni, kila mmoja akimwita muuzaji kana kwamba ni yeye peke yake mwenye haraka. Kiberiti alikuwa ameshafika kaunta. Jina hilo walimpa wenzake kwa sababu hakuhitaji kusuguliwa sana ili awake. Mara mkono uliolowa maji ukapita juu ya bega lake, ukaweka juu ya kaunta kipande cha mpira kilichopasuka.

"Samahani kaka, nina dharura."

Aligeuka akiwa tayari kuwaka. Akakutana uso kwa uso na binti mrefu, fulana ya rangi ya chungwa imemganda mwilini, nywele zinachuruzika, filimbi shingoni, miguu peku.

"Dharura gani hiyo ya kuja bila viatu?"

"Ya mashine ya uokoaji iliyozimika katikati ya ziwa. Viatu ningevivaa nikamwonyeshe nani, samaki?"

Duka zima likaangua kicheko.  Kiberiti akauchukua ule mpira, akaugeuza geuza.

"Huu ni wa ekzosi ya pikipiki ya maji. Hapa hawana. Karakana kwangu upo."

"Kwani wewe ni nani?"

"Fundi wa ekzosi. Hakuna mwingine kama mimi."

"Hapo unajitambulisha au unajisifu?"

"Vyote viwili."

Karakana yake ilikuwa ukingoni mwa ziwa, ng'ambo ya ufukwe wa kuogelea ambako binti yule alilinda waogeleaji. Kuanzia siku hiyo pikipiki ile ya maji ilishikwa na maradhi yasiyoisha. Leo skrubu imelegea, kesho inakohoa. Dada yake Kiberiti, aliyekuwa akichomelea vyuma pamoja naye, akawa anainua miwani yake myeusi na kuuliza, "Jamani, anayeumwa ni mashine au ni mwenye mashine?"

Kiberiti alimwita binti yule Kapteni. Jioni moja, wameketi juu ya tairi kuukuu wakigawana embe, alimwambia, "Nikiwa kazini sikusikii ukipita. Nataka nikusikie."

"Nipulize filimbi?"

"Niachie mimi."

Akalitoa boksi la ekzosi, lile linalochanganya moshi na maji ili kelele zife humo humo ndani, akaweka mahali pake bomba nene lililonyooka. Boksi lenyewe, kwa kuwa lilikuwa la alumini safi, alilikatakata akatengenezea mabano ya kushikilia bomba jipya. Kapteni alipoiwasha mashine, ndege wote waliokuwa gatini waliruka. Akacheka mpaka akashika mbavu.

Tangu hapo, kila alasiri alipita mbele ya karakana, akapiga resi mara mbili, injini ikinguruma, kisha simu ikalia.

"Umenisikia, laazizi?"

"Nimekusikia. Vikombe vya mama kabatini navyo vimekusikia, vinakusalimia."

Halafu ikaja alasiri moja ziwa likanyamaza. Kiberiti alizima mashine ya kuchomelea ili asikie vizuri. Kimya. Akapiga simu, haikupokelewa. Kesho yake mwokoaji mmoja kutoka ufukweni alishusha gunia mlangoni. Ndani mlikuwa na lile bomba na mabano yake.

"Kapteni anasema umrudishie boksi lake," akasema, akaondoka zake.

"Amenirudishia," Kiberiti alinong'ona.

"Amekurudishia bomba, si pete," dada yake akamjibu. "Mpigie umuulize."

Safari hii Kapteni alipokea. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Juzi kuna mzee alibanwa na msuli kwenye maboya. Akaniita. Akaniita tena. Mimi nipo karibu naye, nimemgeuzia mgongo, nimekalia kelele zako, naringa! Waogeleaji wenzake ndio waliomvuta."

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Lakini mkuu wetu ataikagua mashine Jumamosi. Mtu ataita kutoka kwenye maboya, injini ikiwa inawaka. Nisiposikia, natolewa majini, naenda kukata tiketi getini. Nataka boksi langu."

Mtu mwingine angesema ukweli hapo hapo. Kiberiti akawaka.

"Mbona bomba ulilipenda? Ulicheka mwenyewe!"

"Nililipenda, ndiyo. Boksi liko wapi?"

"Sina boksi lako."

"Unaninyima? Kwa kiburi tu?"

Simu ikakatika. Kiberiti alisimama akitazama yale mabano ya alumini ndani ya gunia. Angemwambiaje kwamba mabano hayo ndiyo lile boksi lililokuwa likilinda masikio yake?

"Umelikata," dada alisema. Hakuwa anauliza.

"Nimelikata."

"Basi acha kununa, washa moto."

Alitengeneza boksi jipya. Aliliwekea kuta mbili ndani, ili moshi na maji vizunguke kabla ya kutoka, na mpira akaupandisha juu ili maji yasirudi kwenye injini. Ili kulijaribu, akafunga injini moja kuukuu kwenye pipa la maji nyuma ya karakana, dada akaenda mbali, akaanza kumtukana kwa sauti ya kawaida. Boksi la kwanza, hakusikia hata tusi moja. Akalifungua, akaanza upya.

"Na hilo la mwisho?" dada aliuliza baadaye.

"Umeniita mbuzi mwenye majivuno."

"Lichukue, nenda."

Jumamosi asubuhi aliingia ufukweni na boksi kifuani. Kapteni alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mnara, fulana yake imepigwa pasi, macho mekundu.

"Boksi lako nililikata siku ile ile," Kiberiti alisema kabla hajasalimia. "Nikaona aibu kukuambia. Hili nimekutengenezea."

"Yaani umeniacha nikilia nikidhani unaninyima?"

"Ndiyo."

Akajifuta macho kwa mkono. "Funga upesi. Mkuu huyo anakuja."

Mkuu, mwanamke mnene mwenye kofia pana, akauliza nani ataita.

"Mimi," Kiberiti alisema.

"Unajua kuogelea?"

"Nitavaa jaketi la kuelea."

"Usipige makelele huko. Anayezama huita kwa pumzi iliyobaki."

Pumzi hazikumsumbua kuigiza. Alipofika kwenye maboya zilikuwa zimemwishia kweli. Mbele yake Kapteni ameipa mgongo dunia, injini inawaka. Alitakiwa kuinua mkono akisikia.

"Kapteni! Nisamehe!"

Mkono haukuinuka. Pale ufukweni mkuu akaanza kutikisa kichwa. Kiberiti alihisi moyo unazama bila jaketi. Kama amemharibia kazi, basi na aseme lote.

"Kapteni... nikuoe?"

Mkono ukaruka juu. Pikipiki ikageuka, ikamjia polepole, tulivu kiasi kwamba alisikia maji yakigonga ubavu wake.

"Umesikia alichosema?" mkuu alipaza sauti kutoka ufukweni.

"Vyote viwili, mkuu!"

Kiberiti akatema maji. "Sasa la kwanza mbona hukuinua mkono?"

"Nilitaka nione kama una la pili." Akainama, akamshika mkono, akamvuta juu huku anacheka na machozi yanamtoka. "Ndiyo, Kiberiti wangu. Nimekubali. Sasa kaa vizuri, usije ukarudi majini."

Wakarudi ufukweni wakiongea njia nzima, na hakuna aliyelazimika kupaza sauti.