Happy Anaogopa Barabara

Ukungu wa Mufindi ulikuwa haujainuka Yusta alipomwona mwanamume akiingia uani. Hakumjua. Alivaa koti jeusi, na suruali yake ililowa umande hadi magotini. Alikuwa amemshika Happy mkono.

Yusta aliangusha kuni. Happy alikuwa ameaga kitambo kwenda shule. Sasa alikuwa hapa na mtu mgeni, sare imejaa tope.

"Mwachie mwanangu," alisema Yusta.

Mgeni alimwachia mara moja akarudi nyuma.

"Kamwene, mama," alimsalimu kwa lugha ya huko. "Samahani. Nimemkuta mtaroni, kando ya barabara kuu. Amejikunyata, ameziba masikio. Malori yanapita karibu naye kabisa. Nimeshindwa kumwacha."

Yusta alimtazama binti yake. Meno yake yaligongana, na haikuwa baridi peke yake.

Mgeni aliitwa Alinanuswe. Alikuwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, mzaliwa wa Tukuyu, tena mgeni kazini. Alikuwa akienda ofisi ya kata, lakini basi kutoka Nyololo lilimshusha pasipo pake kwa sababu ya ukungu. Yusta alimpa chai na kumweleza mambo yalivyokuwa. Tangu lori la mbao lilipomgonga Frida, rafiki wa Happy, Happy hakuitaka shule. Kila asubuhi aliaga vizuri. Mchana alikutwa amejificha kwenye mianzi. Nyumbani walisema ni ujeuri. Yusta alimchapa, tena si mara moja.

"Shule iko ng'ambo ya barabara," alisema. "Mimi nachuma chai. Trekta la wachumaji halimsubiri mtu. Nifanyeje?"

Alinanuswe aliuliza kama shule iliwahi kuomba msaada serikalini. Yusta alijibu kwamba kamati huomba kila mwaka. Mwaka huu iliomba paa jipya la ofisi ya walimu.

"Na barabara?"

Yusta alitikisa kichwa. Tanga la Frida lilikuwa limeshaanuliwa. Katika kijiji chao, tanga likianuliwa, kifo hicho hakitajwi tena mbele za watu. Kukitaja ni kumtonesha mfiwa kidonda. Kwa hiyo hata kamati ya shule haikuandika chochote juu ya Frida. Wote walidhani wanamsaidia mama yake.

Alinanuswe aliweka kikombe chini.

"Mama Happy, halmashauri ikipanga bajeti haiuoni ukungu huu. Inasoma kile ambacho kijiji kimeandika. Msipoandika, kule ofisini barabara hii haijaua mtu."

Maneno hayo yalimchoma Yusta. Lakini aliendelea kusikiliza.

Alinanuswe alieleza polepole. Fedha za shule si za madarasa tu. Kijiji kinaweza kuomba uzio. Kinaweza kuomba mwalimu mmoja apelekwe mafunzo ya unasihi, yaani kumsikiliza mtoto mwenye maumivu moyoni na kumsaidia. Ombi huanza kwenye kamati ya shule. Hupita mkutano mkuu wa kijiji, kisha kata, kisha halmashauri. Wananchi wakisema watachangia nini, mawe au nguvu zao, ombi hupata uzito. Kuhusu matuta na kivuko, halmashauri hupeleka ombi kwa wanaosimamia barabara kuu.

"Na huyu," alisema akimtazama Happy, "si mjeuri. Ameumia, ila kidonda chake hakionekani. Usimchape tena. Nenda naye barabarani taratibu. Leo msimame mbali, kesho msogee kidogo."

Mkutano mkuu ulikuwa Jumamosi hiyo. Baada ya hapo kata ingefunga mipango. Ombi likichelewa, watoto wangevuka kwenye ukungu mwaka mwingine mzima.

Jioni Yusta alikwenda kwa Lea, mama yake Frida. Alimkuta akipukuchua mahindi. Alimweleza yote, macho yake yakiwa chini. Mikono ya Lea ilisimama.

"Wakimtaja watasema alikuwa anacheza barabarani."

"Alikuwa anacheza?"

"Alimsukuma Happy nyuma. Lori likampata yeye. Happy mwenyewe alininong'oneza siku ya maziko."

Yusta alikaa chini kando ya mahindi. Mtoto wake alibeba mzigo huo peke yake, na yeye alimwongezea fimbo.

"Mkutanoni siji," alisema Lea. Akarudi kwenye mahindi yake.

Jumamosi watu walijaa uwanjani. Bartholomeo, mwenyekiti wa kamati ya shule, alisoma ombi la paa. Yusta alinyoosha mkono. Alisema kwamba shule ina haja kubwa zaidi. Inahitaji uzio, kivuko, na mwalimu wa kuwasikiliza watoto wenye hofu.

Manung'uniko yalianza. Mzee mmoja alikumbusha kwamba tanga lilishaanuliwa. Bartholomeo hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu kwamba wakiandika habari za kifo, wakubwa watauliza kamati ilikuwa wapi. Alimgeukia Alinanuswe, aliyekuja kusikiliza.

"Afisa, umeacha ndizi zenu Tukuyu ukaja kutufundisha kulia?"

Watu walicheka. Alinanuswe naye alicheka, akasema pombe yao ya ulanzi ndiyo iliyomvuta. Kisha kijana mmoja akapaza sauti kutoka pembeni:

"Mama Happy, hofu inajengwa kwa matofali mangapi?"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Yusta alikuwa karibu kukaa.

"Andika jina lake."

Watu waligeuka. Lea alikuwa amesimama nyuma kabisa, khanga imemfunika kichwa.

"Andika, Bartholomeo. Frida, binti wa Lea. Lori lilimgonga akimwokoa mwenzake. Mnanyamaza kwa ajili yangu, na mimi kila asubuhi nasikia breki za malori nahesabu watoto wa wenzangu. Mfiwa ni mimi. Mimi ndiye ninayesema atajwe."

Bartholomeo alivua kofia. Kisha akamwambia katibu:

"Paa litasubiri. Andika alivyosema mama."

Siku hiyo hiyo wanaume waliahidi mawe na wanawake wakaahidi kubeba maji ya ujenzi. Ombi lilipita kata, likafika halmashauri.

Majibu hayakuja upesi. Wakati wakingoja, wazazi walipeana zamu za kuvusha watoto, wakiwa na kitambaa chekundu mkononi. Halafu Mwalimu Catherine aliitwa Iringa kwa mafunzo ya unasihi. Baadaye saruji ya uzio ilifika, na mawe yalikuwa tayari yamelundikwa. Mwisho yakaja matuta na mistari myeupe ya kivuko.

Happy alikaa na Mwalimu Catherine mara nyingi. Mwanzoni alichora tu. Alichora lori, kisha akalifuta. Siku moja alilia sana, akasimulia yote. Yusta alikuwepo, akamwomba mwanawe msamaha. Muda ukapita. Jioni moja Happy alisema yuko tayari kuvuka bila kushikwa mkono.

"Lakini mama usimame upande wa shule. Nikuone."

"Nitakuwepo," alisema Yusta.

Asubuhi yake trekta la wachumaji lilikuja mapema kuliko kawaida. Lilikuwa linakwenda shamba la mbali. Fred, nyapara wao, alitangaza kwamba atakayebaki hatapewa kazi wiki nzima. Alimwona Yusta amesimama karibu na kivuko, kikapu mgongoni.

"Panda, Mama Happy. Mtoto atavuka tu."

"Nimemwahidi."

"Ahadi ya mtoto itakupikia ugali?"

Wenzake walimwita kwa mikono. Yusta alifikiria unga uliobaki ndani. Akavua kikapu, akakiweka chini. Trekta likaondoka, na sauti yake ikapotelea kwenye ukungu.

Happy alitokea ng'ambo. Lori la mbao lilikuwa likija. Yusta aliuma midomo asimwite. Lori lilipunguza mwendo kwenye matuta, likasimama. Happy alitazama kulia, kushoto, kisha kulia tena. Akainua mkono kwa dereva, akavuka. Hakukimbia.

Alipofika alikitazama kikapu kilichokuwa chini.

"Mama, trekta limekuacha."

"Limeniacha," alisema Yusta. "Nenda darasani, mwanangu."