Pikipiki Iliyopanda Mlima Ndani ya Chumba

Kila asubuhi mtaa mzima uliamshwa na pikipiki ya mkunga.

Mkunga mwenyewe hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye mikono myepesi, na begi jeusi lisilotoka mgongoni. Kazi yake ilikuwa kuwafuata kina mama majumbani. Nyumba nyingi zilikuwa juu mlimani, na barabara ya huko ilikuwa ya mawe na kona, imesimama kama ngazi.

Kelele zilikuwa za mumewe.

Mumewe alikuwa seremala, ila roho yake ilikuwa kwenye injini. Watu walimwita Masikio. Pikipiki ikipita barabarani, yeye anaacha randa, anainua kichwa. "Ile plagi imechoka," anasema. Na mara nyingi anapatia kweli!

Siku moja akaamua kumfurahisha mkewe. Akang'oa eksozi ya pikipiki, akafunga nyingine, nene, inayong'aa. Akatoa boksi la chujio la hewa, akaweka chujio dogo la wazi. Kisha akafungua kabureta, akabadilisha jeti, yaani kile kitundu kinachopitisha petroli. Akaweka yenye tundu kubwa zaidi. Akawasha.

Vuuuum! Kuku wakatawanyika.

"Umesikia, mama watoto? Hiyo sasa ni simba!"

"Simba wako ataniamshia watoto wachanga," mkewe akacheka. Lakini alijua mumewe amefanya kwa mapenzi. Akashukuru, akapanda, akaondoka.

Kwenye tambarare, simba alikimbia vizuri. Mlimani ndipo mambo yakaharibika. Akiwa gia ya pili, katikati ya mwinuko, akivuta mafuta injini inasita. Inakohoa. Inaishiwa pumzi kama mtu aliyekabwa. Mara inazima, na mkunga anashuka kusukuma. Petroli nayo ilikuwa inaisha upesi kuliko zamani.

Jioni akimwambia mumewe, Masikio anaiwasha pale uani, anafumba macho, anasikiliza. "Mlio safi huu. Labda wewe unaikamata vibaya."

Ikawa hivyo, mpaka siku ile.

Mama mmoja wa juu alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Mkunga akawasha pikipiki, akaondoka. Kwenye kona ya mawe, pikipiki ikagoma. Akawasha, ikagoma. Akaanza kusukuma, jasho linaingia machoni. Nyuma yake akasikia honi. Alikuwa muuza gesi, kwenye pikipiki ya aina ileile, mitungi imefungwa kiti cha nyuma.

"Dada mkunga! Mimi nina mitungi na nakupita? Mnyama wako anaumwa huyo!"

"Njoo unisaidie, kaka, usinicheke. Kuna mtu anajifungua juu!"

Muuza gesi akaacha kucheka. Akaegesha, akamsaidia kusukuma mpaka juu.

Walichelewa. Mtoto alikuwa ameshazaliwa. Bibi yake amempokea, kamfunga kitambaa kilicholowa, na mtoto kapoa kama jiwe la mtoni. Mkunga akamkausha haraka, akamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunika wote wawili. Taratibu rangi ikarudi. Mtoto akalia. Mkunga naye, alipotoka nje, akalia.

Maana alikuwa amekumbuka jambo. Wifi yake, yaani mdogo wake Masikio, aliishi mwisho kabisa wa barabara ileile. Alikuwa na mimba ya kwanza. Walikuwa wamepanga ateremke akae karibu na kituo cha afya siku zikikaribia. Lakini uchungu ukiwahi, kama wa mama huyu? *Wifi akiniita, nitafika?*

Muuza gesi alikuwa bado anamsubiri nje. "Dada, na mimi nilihangaika hivihivi. Nenda kwa fundi mmoja anaitwa Pole. Ana mashine ya kupima nguvu ya pikipiki. Wenyewe wanaiita daino. Sikuelezi zaidi, hutaniamini. Kaone!"

Mkunga alimkuta mumewe karakana, akipiga randa mguu wa kitanda.

"Baba watoto, nataka pikipiki ikapimwe kwenye mashine."

"Mashine?" Masikio akacheka mpaka maranda yakamruka kwenye ndevu. "Mama watoto, mimi haya masikio nilipewa ya nini? Mlio ninausikia. Ni mzima."

"Na mimi mama mjamzito akija anacheka, nisimpime presha?"

Randa ikasimama.

"Wapo wanaokuja wanacheka," mkewe akaendelea, "na nikiwapima, presha iko juu ya paa. Jicho langu zuri, ila kipimo ni kipimo. Leo nimefika mtoto ameshapoa. Kesho ni mdogo wako. Utaniambia ninaikamata vibaya?"

Masikio alijifuta mikono, akachukua kofia yake.

"Twende."

Gereji ya fundi Pole ilikuwa kama gereji nyingine yoyote: harufu ya oili, spana ukutani, tairi kuukuu mlangoni. Ila katikati, chini ya sakafu, palikuwa na pipa kubwa la chuma. Mgongo wake tu ndio ulichomoza. Mbele yake feni kubwa kama mlango. Pembeni, kompyuta.

Fundi Pole hakugusa mashine. Alianza na maswali, kama daktari.

"Nani anaiendesha?"

"Inakwenda vizuri sana kwenye tambarare," akajibu Masikio.

"Shemeji, nimeuliza nani anaiendesha."

"Mimi," akasema mkunga.

"Basi niambie wewe. Unakwenda wapi? Na mzigo gani? Inakusumbua mwendo gani?"

Mkunga akamweleza yote: mlima, mawe, begi, gia ya pili. Fundi akakagua mnyororo, oili, plagi na vali. "Lazima nianze na hivi," akasema. "Mashine haitibu injini iliyochoka. Ingekuwa imekwisha, ningewaambia mkaitengeneze kwanza. Yako ni nzima. Ila haijapatana na vitu vipya ilivyofungiwa."

Akaipandisha. Tairi la nyuma likakaa juu ya pipa. La mbele likabanwa. Mikanda ikakazwa huku na huku, na bomba likachukua moshi kuupeleka nje. Ndani ya eksozi akaingiza kidude chenye waya. Akawapa wote vya kuziba masikio.

"Hata mimi?" akauliza Masikio.

"Hasa wewe, shemeji."

Fundi akapanda. Gia ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Akavuta mafuta.

We! Pipa likaanza kuzunguka. Feni ikavuma, kuta zikatetemeka, spana zikagongana ukutani. Mshale wa spidi ukapanda, ukapita mwendo ambao mkunga hajawahi kuuthubutu maishani. Na pikipiki haijasogea hata upana wa kidole! Inakimbia, inakimbia, na iko palepale. Mkunga alijikuta amemshika mumewe mkono. Na mumewe alikuwa ameacha mdomo wazi, kama mtoto anayeona treni kwa mara ya kwanza.

Kwenye kompyuta, mstari ukawa unazaliwa. Ukapanda kutoka kushoto. Ghafla ukazama. Kisha ukaibuka, ukapanda juu sana.

Kimya kiliporudi, fundi akashuka.

"Hili pipa uzito wake ninaujua," akasema. "Injini ikilizungusha kwa wepesi, ina nguvu. Ikilizungusha kwa taabu, haina. Kompyuta inachora nguvu hiyo kwa kila mwendo wa injini."

Masikio akasogea, macho yanang'aa. "Si mnaona? Kule mwisho imepanda juu! Simba!"

"Kweli. Na mkeo mlima anaupanda kwa mwendo wa kule mwisho?"

"Ah... hapana. Wa katikati."

Fundi akaweka kidole palipozama. "Basi mlima wake uko hapa. Ndani ya hili shimo."

Mkunga akausogelea mstari. Miezi yote ile ya kusukuma, jasho, kona ya mawe, vyote vilikuwa pale, vimechorwa! Kama mtu aliyeonyeshwa picha ya maumivu yake. Akasema polepole, "Kumbe sikuwa ninaikamata vibaya."

"Hapana, dada."

Masikio akatazama chini.

Fundi akaonyesha mstari wa pili, uliotoka kwenye kile kidude cha eksozi. "Huu unaonyesha hewa na petroli. Injini inavila pamoja, kama zege. Saruji ikipungua, ukuta hausimami. Ikizidi, unaitupa bure. Mlipofungua eksozi na chujio, hewa imeingia nyingi. Hapa katikati petroli haitoshi, ndiyo maana inakohoa na kupata joto. Kule mwisho jeti kubwa inamwaga petroli kupita kiasi, ndiyo maana inaisha upesi. Sikio haliwezi kusikia vyote hivyo, shemeji. Hata langu."

"Sasa dawa?" Masikio akauliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Dawa ni kuishonea nguo yake yenyewe. Sikupi kipimo cha pikipiki ya muuza gesi, hata kama zinafanana. Kila moja na mwili wake. Na ukibadilisha kitu tena, uirudishe tuipime."

Masikio mwenyewe ndiye aliyerudisha boksi la chujio. Eksozi ya zamani nayo akairudisha, bila kuambiwa. Fundi akapima upya, kisha akaipandisha kidogo sindano ya kabureta, ili petroli ya mwendo wa katikati iongezeke. Akapima. Akaweka jeti ndogo kidogo. Akapima tena. Kila mara mstari mpya ulichorwa juu ya ule wa kwanza. Shimo likawa bonde. Bonde likawa mkunjo. Mkunjo ukanyooka.

Kule mwisho mstari ulishuka kidogo.

"Hapo tumepoteza," Masikio akanong'ona.

"Tumepoteza mwendo asiouhitaji, tumepata anaouhitaji. Dada, vaa begi lako. Panda."

"Mimi?"

"Wewe. Pipa hili lina breki yake. Nikilikaza, linakuwa zito. Nitakuwekea mlima wako humuhumu ndani."

Mkunga akapanda. Gia ya pili. Fundi akakaza. Akasikia pikipiki ikilemewa, uzito uleule, kona ileile ya mawe. Mwili wake wote ukasubiri kile kikohozi. Akavuta mafuta.

Pikipiki ikavuta. Fundi akakaza zaidi. Ikavuta. Haikunguruma, haikusita, ilisukuma tu, kama mkono wa mtu mzima mgongoni mwa mtoto. Mkunga aliangalia ukuta mbele yake, ukuta mtupu wenye madoa ya oili, na akapanda mlima mzima bila kutoka chumbani!

Aliposhuka, Masikio alimsogelea.

"Nisamehe, mke wangu. Nilisikiliza injini, wewe sikukusikiliza."

Baada ya hapo petroli ikakaa tankini kama zamani. Na wifi? Uchungu ulimshika mapema, alfajiri, kabla hajateremka. Masikio alipokea simu, akakimbia kumwamsha mkewe. Gari la kituo likaitwa pia, lakini lilikuwa mbali.

Mkunga akaupanda mlima. Kona ya mawe akaipita na gia ya pili, hakugusa chini hata unyayo. Alipoingia, wifi alikuwa ameshika ukingo wa kitanda, ameuma meno kwa uchungu.

"Wifi! Umefika? Mbona nimekata simu sasa hivi!"

"Nimefika. Pumua. Hivyo, hivyo."

Mkunga akanawa mikono. Akampima presha. Akausikiliza moyo wa mtoto, unakwenda vizuri. Akatandika vitambaa vikavu, safi, kimoja baada ya kingine. Kisha akatafuta kingine cha kufanya, akakosa.

"Sasa tunafanya nini?" wifi akauliza.

Mkunga akavuta kiti, akakaa karibu yake, akamshika mkono.

"Tunamsubiri," akasema. "Tuna muda."