Kengele Iliyoachwa Juu

Cuthbert Aldous alikutwa asubuhi kwenye chumba cha kengele, fuvu limepasuka, kopo la grisi bado liko mkononi.

Inspekta Tilney alipanda ngazi ya mawe ya mnara, nyembamba, iliyolika kwa karne nyingi za nyayo, akafika juu akihema. Kengele kubwa ya kanisa letu ilitundikwa kabla Uingereza haijaachana na Papa. Damu ilikuwa kwenye ukingo wake.

Wapiga kengele walimweleza. Ili ilie vizuri, kengele hupinduliwa hadi mdomo utazame juu. Mazoezi yakiisha lazima ishushwe, maana ikiachwa hivyo, kuigusa tu kunatosha kuifanya ipinduke chini kwa nguvu na kumponda aliye karibu. Jioni iliyopita mvutaji alikuwa Walter Garrod, rafiki wa Cuthbert tangu utotoni. Wenzake walitangulia baa, naye akabaki kuishusha.

Mwenye baa, ng'ambo ya makaburi, alisema neno moja la maana. Kengele ikishushwa hulia, kijiji kizima husikia. Jioni ile hakusikia chochote.

Walter alikuwa ameketi kwenye benchi la mwaloni, ndani ya kanisa, chini ya malaika waliochongwa darini.

"Uliishusha?" Tilney alimuuliza.

"Niliishusha. Naivuta tangu hujazaliwa, binti."

"Basi nitundikie kamba ile ya kengele."

Ndoano ilikuwa juu ya kichwa chake. Mkono ulifika kifuani ukakwama. Alijaribu tena, uso ukasawijika kwa maumivu, akakaa.

"Bega linaniuma tangu Pasaka," alisema. "Jana, mwisho wa mazoezi, likagoma kabisa."

"Mbona hukuweka kibao cha kuonya kwamba kengele imeachwa juu?"

"Kingewaambia wote kwamba Garrod kaisha. Kamba hiyo aliivuta baba yangu, na babu. Nilitaka mpwa wangu aje asubuhi aishushe, kabla mtu hajajua. Sikudhani Cuthbert angepanda."

Hakuna kati yetu aliyekuwa tayari kumnyang'anya kamba ile. Tulipaswa kumwambia mapema aiache. Jambo hilo linatuuma mpaka leo.

Bibi Aldous, mjane wa Cuthbert, alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Hakupaza sauti.

"Alijua habari za bega lako, Walter. Alisema hutalitaja hata ukikatwa. Ndiyo maana alikwenda alfajiri kuipaka kengele grisi, iwe nyepesi, uendelee kuivuta."

Walter aliinua mkono ule ule ajifunike uso. Haukufika.