Valkyria wa Jumamosi

"Axel ni nani?"

Emérithe alikuwa jikoni akikaanga ndizi. Aligeuza kwanza vipande vilivyoanza kuiva, akapunguza moto, ndipo akamtazama mchumba wake, Aristide, aliyesimama mlangoni ameshika simu. Simu yenyewe haikuwa ya Aristide.

"Umesoma simu yangu?"

"Imelia nikiwa karibu nayo. Nimekuuliza, Axel ni nani?"

Ujumbe ulikuwa wa Kiswidi, lugha ya nchi waliyohamia, mfupi: "Kesho usichelewe, valkyria wangu. Bila wewe siku ni ndefu."

Emérithe aliusoma, kisha akatabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililomkata Aristide maini.

"Ni rafiki," akasema. "Ninamtembelea kila Jumamosi."

"Jumamosi si unakwenda kazini?"

"Hapo nilikudanganya."

Aristide alichukua koti lake akatoka. Emérithe alimwita mara moja tu, hakumfuata.

Njia nzima kurudi kwao Alby, upande mwingine wa jiji, Aristide alikaa kwenye treni akitafuta neno hilo kwenye simu yake. Valkyria. Zikamjia picha za wanawake wenye mabawa na mikuki, wengine nguo zao hazifiki popote. Akasoma kwamba Waswidi wa kale waliamini hao ni watumishi wa mungu wao Odin, wapiganaji wa kike wanaochagua nani afe vitani. Akaifunga simu. Sasa alikuwa na hofu mbili: ama mchumba wake ana mwanamume, ama amejiingiza kwenye mambo ya mizimu. Na harusi ilikwisha kutangazwa kanisani.

Mama yake, Mama Vénantie, alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mama wa Uvira aliyevuka mengi, hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Alimuuliza kama amemfumania binti wa watu. Hapana. Kama amemsikiliza. Hapana pia.

"Basi nenda naye hukohuko anakokwenda," akamwambia. "Ukirudi na ushahidi, nitalia pamoja nawe. Leo sina machozi ya meseji."

Aristide akaandika: "Kesho tutakwenda wote kwa Axel."

Jibu lilichelewa. "Njoo. Ila acha hasira nyumbani. Ni mgonjwa."

Walikutana kesho yake asubuhi kituo cha treni cha Rissne, wakatembea hadi ghorofa moja la matofali. Emérithe alifungua mlango kwa ufunguo wake mwenyewe. Ndani, kando ya dirisha, alilala mzee aliyebaki mifupa, mrija wa hewa puani. Aibu ilimshukia Aristide kama maji ya baridi.

Axel alikuwa mchonga mawe maisha yake yote, na vumbi la mawe ndilo lililomla mapafu. Hakuwa na mke wala mtoto. Parokia ya pale ilikuwa ikitafuta watu wa kujitolea kukaa na wagonjwa wasio na ndugu, na Emérithe alijiandikisha bila kumwambia mtu.

"Huyu ndiye bwana harusi?" mzee akauliza. "Mbona ana sura ya mtu aliyekuja kupigana?"

Aristide, kwa Kiswidi chake cha kazini, maana alikuwa fundi wa lifti kule Kista, aliomba radhi. Kisha akauliza kwa nini mzee anamwita mchumba wake kwa jina lile.

Axel alipumzika kidogo kabla ya kujibu. Alisema bibi yake ndiye aliyemhadithia habari hizo utotoni, na watu wa leo wameuona mkuki tu.

"Vita vikiisha, kila mwenye miguu anakimbia," akasema. "Valkyria yeye anashuka palepale, katikati ya walioanguka. Anawainua, anawapeleka kwenye ukumbi wa mashujaa waliokufa, anawamiminia kinywaji kwa mkono wake. Kwangu mimi ushujaa wake ndio huo. Yeye hamwachi mtu aende peke yake."

"Nimemwambia mimi ni mtu wa Yesu," Emérithe akasema.

"Na mimi hata huyo Odin simwamini," mzee akacheka mpaka akakohoa. "Lakini toka aliponisimulia habari za dada yake, sijapata jina jingine la kumwita."

Aristide aligeuka. Dada gani? Emérithe akainuka, akaenda kuchemsha kahawa.

Baadaye wakaaga, wakatoka nje. Kwenye benchi mbele ya ghorofa, Aristide alishindwa kuvumilia.

"Uliniambia wewe ni mtoto wa pekee."

"Nimebaki wa pekee."

Ndipo akamwelezea. Mwaka wa machafuko, walipoikimbia Bujumbura, yeye na dada yake Perpétue walikwama Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, pamoja na umati mkubwa wakingoja meli ya kuwapeleka Kigoma. Kipindupindu kikaingia. Perpétue akaugua, na Emérithe akaenda kutafuta maji safi. Aliporudi na maji, dada yake alikuwa amekwisha kufa, kati ya watu wasiomjua.

Aristide alimsogelea. Ile aibu ya asubuhi ilikuwa imeupisha uchungu mwingine.

"Kwa nini umwambie yeye, usiniambie mimi?"

"Yeye anakwenda zake, Aristide. Anakwenda na siri yangu kaburini. Wewe ungenitazama kwa huruma kila asubuhi, mpaka tuzeeke."

"Huruma nitakuonea, sitakuficha. Lakini nitakutazama na mengine pia." Akamshika mkono. "Perpétue alikuwa mtu wa namna gani?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Emérithe alifungua kinywa, machozi yakatangulia, kicheko kikafuata.

"Mkorofi," akasema. "Mkorofi wewe, hujapata kuona."

Wakakaa pale benchini, Emérithe akisimulia, mpaka baridi ikawatoa.

Axel alifariki majira ya kuchipua, mchana wa jua, Emérithe ameshika mkono mmoja na Aristide mwingine. Emérithe alimsomea zaburi. Mzee hakuonekana kuogopa.

Harusi ilifungwa Alby mwezi Juni. Mama Vénantie alimwomba mchungaji awataje marehemu wa pande zote mbili, na jina la Perpétue likasomwa mbele za watu kwa mara ya kwanza. Bibi harusi alilia kidogo, kisha akacheza kuliko wote.

Siku hizi Jumamosi wanakwenda pamoja. Sasa wana bibi mmoja kipofu, hodari wa ugomvi, anayedai kwamba Aristide hajui kupika kahawa. Aristide naye anabishana naye saa nzima, na Emérithe anawasikiliza tu, amejaa raha.