Mguu Uliokatwa Bado Unauma

Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa cha kinyozi. Baba alinyoa, mama alishona nguo uani. Wateja walingoja zamu kwenye benchi wakibishana habari za mpira.

Asubuhi moja baba alikuwa amefika nusu ya kichwa cha muuza mkaa. Ghafla ukelele ukatoka chumba cha ndani.

"Kidole! Kidole gumba kinaungua! Mama, nakufa!"

Mashine ilimponyoka baba mkononi. Ilikuwa sauti ya binti yake, koplo wa jeshi na fundi wa malori. Wenzake walimwita Spana. Lori alilopanda lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Madaktari waliokoa maisha yake, lakini walimkata mguu wa kulia chini ya goti. Sasa alikuwa nyumbani akipata nafuu.

Baba na mama waligongana mlangoni. Spana alikuwa ameketi kitandani, jasho linamtiririka.

"Kidole gani, mwanangu?" mama aliuliza.

"Cha mguu wa kulia!"

Mama alitazama shuka. Pale palikuwa patupu.

"Mguu wa kulia haupo," baba alisema kwa sauti ndogo.

"Najua haupo, baba! Lakini unauma!"

Nywele zilimsimama baba. Nyuma yake muuza mkaa alikuwa akichungulia. Aliposikia maneno hayo alitimua mbio, kichwa nusu nywele, nusu kipara.

"Akili imemruka," baba alimwambia mama. "Bomu limeondoka na mguu na akili."

Tangu hapo walimchunga kama yai. Walimfichia magongo asije akaanguka. Mguu wa bandia aliopewa hospitali waliusukuma uvunguni. Mama alimwogesha, alimlisha, alimchana nywele. Spana, aliyezoea kuteremsha injini nzima, sasa aliletewa hata kikombe cha maji.

Siku moja simu yake ililia akiwa amelala. Baba akaipokea. Aliyepiga alikuwa sajini wa karakana ya jeshi, akiuliza kama Spana atarudi kazini.

"Kazi gani tena?" baba alijibu. "Huyu ameshaharibika. Mfuteni tu."

Alipogeuka, Spana alikuwa sakafuni mlangoni. Alikuwa amejikokota kwa mikono mpaka pale.

"Baba," alisema, "umenizika nikiwa hai?"

Baba alikata simu. Mama alitoka mbio kumwita jirani yao, muuguzi wa wodi ya waliokatwa viungo.

"Hodi humu!" Jirani aliingia na sare yake ya kazi. Alimsaidia Spana kukaa kitini, akamsikiliza bila kumkatiza. Kisha akawageukia wazazi.

"Huyu hana wazimu. Mguu umekatwa, lakini ubongo bado unautafuta. Maumivu yake ni ya kweli. Wengi waliokatwa viungo huyapata."

"Kweli kabisa?" Mama alishika kifua.

"Kweli. Baba, niletee kioo kirefu."

Baba alikibandua kile cha ukutani. Jirani alikisimamisha katikati ya mapaja ya Spana, kikitazama mguu wa kushoto. "Angalia ndani ya kioo. Sasa chezesha vidole polepole."

Mguu wa kushoto na taswira yake kiooni vilionekana kama miguu miwili. Spana alishtuka, akaziba mdomo. Kisha machozi yakamtoka.

"Vinakunjuka! Vile vidole vya kulia vilivyojikunja vinakunjuka!"

"Si kila mtu husaidika hivi," jirani alisema. "Wengine huhitaji dawa. Kwa hiyo mwelezeni daktari, msifiche. Na hiki kigutu, sehemu ya mguu iliyobaki, kioshwe kila siku kwa maji na sabuni, kikaushwe vizuri. Mkiona kidonda au uvimbe, asivae mguu wa bandia kwanza, aje kliniki. Tena ule mto mliomwekea kitandani chini ya goti uondoeni. Goti litakakamaa. Magongo yako wapi?"

Wazazi walitazamana.

"Yaleteni. Anachoweza kufanya mwenyewe, mwacheni afanye. Kama hamjui, mwulizeni."

"Na jeshi je?" baba aliuliza.

"Unaniuliza mimi? Askari si huyo hapo?"

Baba aliinamisha kichwa. Akamgeukia binti yake. "Wewe unatakaje, mwanangu?"

"Nataka kurudi. Koleo likivunjika, mhunzi hafi, baba."

Baba alimpigia sajini, akampa Spana simu. Sajini alicheka kwa furaha. "Mimi niliambiwa umeharibika! Fanya mazoezi, upone. Madaktari wakikuruhusu, makuruta wanahitaji mwalimu wa injini."

Haikuwa rahisi. Spana alianguka, alilia, aliutukania mguu wa bandia ukoo wake wote. Lakini alikwenda kliniki bila kukosa, na mama alijifunza kumtazama akiinuka bila kumkimbilia.

Madaktari walipomruhusu, alirudi. Siku ya wazazi kutembelea karakana, baba alimwona amesimama juu ya bampa la lori, mikono myeusi kwa oili, akiwafokea makuruta waliofunga mkanda wa injini kinyume.

"Mwanangu!" baba aliita, akaanza kumkimbilia. "Shuka, utaanguka!"

Spana hakugeuka. "Nani anapiga kelele kwenye karakana yangu? Simama hapo hapo!"

Na baba, ambaye hakuwahi kuvaa gwanda hata siku moja, alijikuta amesimama wima, mikono ubavuni, kifua mbele.