Ulimi Si Kipimo

Mama Nabwire wa Mundika hajui kutulia. Akimaliza kufagia, anafagia tena. Siku hiyo mrenda ulikuwa tayari kupikwa, na yeye alizunguka jikoni akitafuta musherekha, yale maji ya majivu ya kulainisha mboga.

Akaona chupa mbili za soda, zote za kijani.

"Yangu ni gani hapa?"

Akafungua moja, akaiinua mdomoni. Wanawake wa kwao hupima musherekha kwa ulimi. Ukiuma kidogo, umekuwa tayari.

"Mama, wacha!" Brendah, mke wa mwanawe, alimrukia akamshika mkono. "Moja ni kostiki soda yangu ya kutengeneza sabuni!"

"Kostiki kwa chupa ya soda? Brendah, una akili kweli?"

"Nilikuwa na haraka, mama."

"Na sasa gani ni gani?"

"Sijui." Kostiki ingemchoma mama mpaka koo.

"Woi! Nitaonja kidogo tu. Mimi nimeonja tangu nikiwa msichana."

Brendah aliona hatamweza. Akamwita jirani yao, Mwalimu Atyang, anayefundisha kemia Amagoro. Atyang alikuja na glavu, glasi mbili, na GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda. Akatia maji kwa kila glasi, kisha kijiko kimoja kutoka kila chupa.

"Kiasi lazima kiwe sawa," alisema, "la sivyo tunajidanganya."

Akadondosha tone moja la GV kila upande.

"Mama, ndani ya kila kitu kuna chembe ndogo sana, zinaitwa elektroni. Rangi hii ina njaa ya elektroni. Hayo maji yako na ya Brendah yanazo za kugawa. Mwenye njaa na mgawaji wakikutana, wanashikana, na rangi inapotea. Mgawaji akiwa na nguvu, wanashikana mbio, kama boda wa Malaba wakiona abiria ameshuka. Kostiki ina nguvu kushinda musherekha, kwa hivyo tunapima mwendo."

"Tungoje mpaka lini?" Mama Nabwire alizunguka meza. "Mrenda wangu... Mayi! Hii imeisha!"

Glasi ya kwanza haikuwa na rangi tena. Ya pili ilikuwa bado zambarau.

Mama Nabwire akaitazama chupa ya glasi ya kwanza, ile ya kostiki. Ndiyo aliyokuwa ameinua. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, akakaa chini.

"Basi ile nyingine nipikie?"

"Hapana. Ukishakuwa na shaka, mwaga, tengeneza mpya. Na kostiki ikae kwa mkebe wake, uandikwe, ufungiwe mbali na jikoni."

Brendah alifanya hivyo kabla Mwalimu hajaondoka.

Mrenda ulipikwa na musherekha mpya. Mama Nabwire alikula akimsuta Brendah, akanawa akimsuta, akafagia akimsuta. Brendah alisikiliza kila neno akifurahi. Ulimi ule ulikuwa mzima.