Mikro ya Chumba cha Maombi

Mikro ilivuta pumzi kabla mtu yeyote hajaongea.

Consolate alikuwa peke yake chumbani, kaske ya kusikilizia masikioni, anajaribu kama ile mikro aliyonunua asubuhi inashika sauti. Akazuia pumzi yake mwenyewe. Ile nyingine ikaendelea, polepole, kama ya mtu aliyeketi karibu kabisa na sikio lake. Akajiambia, ah, kitu cha okazyo, kilichokwisha kutumiwa na wengine, hakikosi kasoro. Akachukua kitambaa chenye alkoli, akaifuta, basi.

Hakuwa na nafasi ya kuchagua sana. Baba yake, mzee Mushagalusa, mpiga lulanga, kinanda cha jadi, ambaye nyuzi zake zilichezesha arusi za Kabare miaka arobaini, alikuwa na uvimbe kooni. Jumanne madaktari wangemkata koo la sauti lote, asiongee tena. Na siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Consolate alitaka sauti ile ibaki mahali, wajukuu waisikie, hata kwa wimbo mmoja tu: ule wa majina ya mababu, ambao hakuna mwingine aliyeujua mpaka mwisho.

Fabien, fundi wa studio ndogo kule Nyawera, alikuwa amemweleza vizuri.

"Maman, usidanganyike na mikro ya condensateur. Kweli, nyuzi iko nazishika muzuri sana, lakini inataka umeme yake, na kwenu Kadutu itakushikia mpaka kikohozi ya voisin wa nyumba ya pili. Tafuta dynamique. Ile inasikia tu mwenye kuikaribia. Kati ya kinywa na mikro, acha shibiri moja."

"Na nyuzi za lulanga? Niko na uwezo wa moja tu."

"Basi iweke kwa sauti. Sauti ndiyo inaenda. Lulanga itabaki."

Asubuhi ile sokoni, Bintu, muuza vitu vya okazyo, alimuuzia moja nzito, ya chuma, wavu wake umebonyea.

"Ilikuwa ya chumba chetu cha maombi, tulikifunga."

"Mulikuwa munaimbia?"

"Kuimba wapi! Pasta alikuwa anaiweka kwa kinywa ya wenye majini, ili jini itaje jina yake, kanisa yote isikie. Walilalamika humu, maman! Na haikuharibika hata siku moja."

Wakacheka wote wawili.

Jumamosi mchana Consolate alifunika madirisha kwa mablanketi ili kelele za pikipiki zisiingie, akachomeka waya wa mikro kwenye kompyuta.

"Unanifunika kama mukate?" mzee akauliza kwa sauti yake ya kukwaruza.

"Papa, nyamaza, uimbe."

"Ninyamaze ao niimbe? Chagua moja."

Akaimba. Nyuzi zikalia, na ndani ya kaske Consolate akasikia sauti mbili, ya baba yake na nyingine iliyofanana nayo kabisa, mbele kidogo, inataja kila babu kabla mzee hajamtaja, kama mtu anayemvuta mwenzake mkono kwenye njia asiyoijua, na harufu ya nywele zilizoungua ikatoka kwenye wavu ikajaa chumba, na mzee akazidi kufifia, jasho linamshuka, huku ile ya kwenye kaske ikinenepa, tamu, changa, sauti ya baba yake siku za ujana, na Consolate alijua kwamba inatosha kunyoosha mkono na kuchomoa waya, alijua kabisa, lakini wimbo ulikuwa haujafika mwisho na mzee hangepata nguvu ya kuurudia, kwa hiyo mkono ukabaki juu ya magoti.

Babu wa mwisho alitajwa ndani ya kaske tu. Mzee alikuwa anafungua kinywa na kukifunga, kimya.

"Papa?"

Akashika koo lake, akatikisa kichwa.

Kesho yake, baada ya misa, akaja Maman Adélaïde, mwombezi wa mtaa. Aliigusa mikro kwa ncha ya kidole, akakivuta haraka. Ilikuwa mchana kweupe lakini alinong'ona.

"Hii kitu ilizoea vinywa ya watu. Kila siku walikuwa wanaiuliza jina, na haina jina. Sasa mulienda kuiimbia majina yote ya nyumba yenu."

"Tufanye nini, maman?"

"Uichome. Na wimbo uufute."

"Na sauti ya papa?"

"Sijui, mwanangu. Siwezi kukudanganya."

Consolate akamtazama baba yake. Mzee akauchukua mkono wa binti yake, akaupeleka mwenyewe juu ya kompyuta. Wakafuta pamoja. Mikro akaitia kwenye makaa ya jiko, na ilipoungua ilikohoa.

Jumatatu asubuhi alisikia baba yake anaongea. Akatoka jikoni mbio, machozi ya furaha machoni. Mzee alikuwa ameketi na kikombe cha uji mdomoni, anakunywa, anameza, na sauti yake inaendelea kusalimia, bila kukatika, kutoka upande wa ukuta. Mzee alikuwa anatafuta kwa macho inatoka wapi.

Jumanne walimkata.

Alhamisi Consolate alikuwa ameketi kando ya kitanda cha hospitali. Shingo ya mzee ilikuwa imefungwa bandeji, mrija mdogo katikati, pumzi inapita pale ikipiga mluzi. Nyuma ya mlango mtu akaita.

"Kamama."

Jina hilo ni baba yake peke yake aliyekuwa anamwita. Na sauti ilikuwa ile, nzima, ya kabla ya ugonjwa.

"Kamama, baridi iko nanipiga huku inje. Umeniacha? Niitike tu, mwanangu."

Mzee akamkamata mkono kwa nguvu zake zote. Akatikisa kichwa, hapana, hapana, mrija unalia, macho yanamsihi.

"Kamama. Umenisahau?"

Consolate akafumba macho ili asiyaone yale ya baba yake.

"Niko hapa, papa," akaitika. "Ingia."

Mkono wa mzee ukamwachia.